Nusu Isiyotajwa ya Kisukari

Sisi tusomao fasihi tumezoeshwa swali moja tangu muhula wa kwanza: ni nani anenaye ndani ya shairi? Wahadhiri wetu hutuonya tusimchanganye mtunzi na nafsineni, kwani aliyeandika si lazima awe ndiye asemaye. Mimi nililijibu swali hilo katika mitihani kadhaa na kupata alama za kuridhisha. Siku nilipoulizwa swali lilo hilo nyumbani kwetu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nilishindwa kulijibu, na kushindwa kwangu kulikaribia kumgharimu babu yangu uhai wake.

Babu, mzaa mama, anaishi Kibokoni, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu. Alikuwa karani katika bandari ya Kilindini hadi alipostaafu, na watu wa mtaa humjua kwa mambo mawili: upole wake na mashairi aliyoyahifadhi. Ugonjwa wa kisukari ulimpata nikiwa bado shule ya msingi. Nyumbani hatukusema "kisukari" ila kwa nadra, tulisema, kama wasemavyo wengi pwani, "Babu ana sukari." Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na adui mmoja tu, naye ni wingi wa sukari. Chai ya Babu ilitengwa katika birika lake. Kaimati zake hazikutiwa shira. Halua ya arusini ilipoletwa, Nyanya aliificha kabatini kana kwamba ni sumu. Kila aliporudi kliniki tulimuuliza habari moja: imepanda au imeshuka? Ikiwa imepanda, alikemewa siku nzima. Ikiwa imeshuka, Nyanya aliinua mikono na kusema, "Alhamdulillahi." Naomba msomaji aliweke akilini neno hilo "imeshuka", kwa maana kwa muda wa miaka kumi na mitano na zaidi lilikuwa kwetu ni neno la furaha.

Ilikuwa kumi la mwanzo la Ramadhani ya mwaka 2023, nami nilikuwa nimerudi likizo. Joto la mwisho wa kaskazi lilikuwa halijaondoka, na vichochoro vya Kibokoni vilikuwa vimetulia kama vinavyotulia mchana wa mwezi huo. Babu, aliyekuwa na umri wa miaka 74, alishika saumu kama kawaida yake. Wakati wa daku alikunywa nusu kikombe cha uji, akala kibibi kimoja, akasema hana hamu ya chakula. Kisha akameza kidonge chake cha asubuhi, kile kile na kwa kiasi kile kile alichokimeza miezi yote mingine, na kutia nia. Hapa kwetu, karibu na ikweta, saumu huchukua zaidi ya saa kumi na tatu mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyeuliza kidonge kile kitafanya kazi gani saa zote hizo katika mwili usioingia chakula.

Baada ya sala ya adhuhuri tuliketi ukumbini, kama tulivyozoea. Tasnifu yangu ilihusu ushairi wa Mombasa, na Babu alikuwa maktaba yangu. Beti za Muyaka bin Haji, malenga wa mji huu aliyefariki mwaka 1840, alizighani bila kitabu, na hakuwahi kupoteza kina wala kupunguza mizani. Siku hiyo alianza ubeti ninaoujua vyema. Katika mshororo wa pili aliweka kina cha kati mahali pa kina cha mwisho. Alirudi mwanzo, akakosea tena. Mshororo wa tatu ulikuwa na mizani ishirini hivi, akaumaliza kwa neno lisilokuwa na maana yoyote.

Nilicheka. Kati ya babu na mjukuu pana utani ulioruhusiwa na desturi. Yeye huniita mume mwenza, kwa kuwa Nyanya ni "mke" wangu, nami humjibu kwamba zamu yake imekwisha. Nikamwambia, "Mume mwenza, leo Muyaka angekudai fidia." Babu hakucheka. Alinikazia macho kama mtu anayetafuta jina langu asilipate. Nikaona jasho limemjaa kipajini na kuilowesha kanzu kifuani, nikasema moyoni kwamba ni joto. Nikaona mkono ulioshika tasbihi unatetemeka, nikasema ni uzee. Kisha akainua sauti, yeye ambaye sijapata kumsikia akiinua sauti, akanitukana. Tusi lenyewe sitalitia hapa. Itoshe kusema kwamba lilimgusa mamangu, bintiye wa kumzaa. Nikasema ni njaa ya saumu na hasira zake, na hasira ni hasara. Nikainuka, nikatoka nje, nikaketi barazani nikiwa nimevimba kwa uchungu.

Hivyo ndivyo nilivyozisoma dalili zile. Kila moja niliipatia tafsiri, na kila tafsiri ilikuwa na mantiki yake: joto, uzee, njaa, hasira. Sikuziweka pamoja nikaona zinasema jambo moja. Mwanafunzi akinisomea shairi kwa namna hiyo, neno moja moja bila kuangalia ubeti mzima, ningemrudisha akaanze upya. Nilikaa barazani dakika arubaini hivi. Dakika hizo ningali nazihesabu.

Adhana ya alasiri ilipolia, Babu hakutoka kwenda msikitini. Mara nikasikia sauti ya Nyanya: "Ndoo! Ndoo umwone babuyo!" Nilimkuta Babu amelala ubavu sakafuni, macho nusu wazi, jasho limemtota, haitikii jina lake. Khalati yangu alidhani ni mashetani, akaanza kumsomea Ayatul Kursiy. Simlaumu, kwa mtu mpole aliyegeuka kwa muda wa saa moja akawa mwingine, tafsiri ile haikuwa mbali kuliko zangu mimi niliyesoma.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mtu mzima aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, aliingia kwa kelele zile. Hakuuliza ila mawili: "Yuna sukari? Alimeza dawa leo?" Tuliposema ndiyo, akagusa shingo yake yenye jasho, akasema, "Sukari imeshuka."

"Alhamdulillahi," akasema Nyanya.

Alisema kwa mazoea ya miaka. Jirani akamtazama kwa huruma, akamwambia taratibu, "La, dada yangu. Imeshuka mno. Mumeo yuwatutoka."

Khalati akakimbia jikoni, akarudi na gilasi ya maji yenye sukari. Jirani akamzuia kwa mkono: "Msimtie kitu kanwani! Hajifahamu huyu, kitapita njia ya pumzi kimzibe." Akamgeuza vizuri kwa ubavu, akamwinua kidevu ili pumzi ipite, akatuamrisha tutafute chombo cha kumbebea. Tuktuk haiingii katika kichochoro chetu. Kijana mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Marikiti alitupa mkokoteni wake, tukautandika godoro, tukamsukuma Babu hadi karibu na Ngome, na hapo ndipo tulipopata tuktuk. Barabara ya Digo ilikuwa imejaa wauza futari. Pande zote mbili palipangwa sinia za viazi karai, tambi, vibibi, na kaimati zinazong'aa kwa shira. Nilikuwa nimekipakata kichwa cha Babu. Sukari ilikuwa imeujaa mji mzima, ila haikuwamo ndani ya mwili wa mtu mmoja tuliyemkinga nayo miaka yote.

Hospitalini walimdunga kidole, wakaweka tone la damu kwenye kipimo. Kipimo kilisoma milimoli 1.8 kwa lita. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba mtu mwenye kisukari huhesabiwa kuwa sukari yake imeshuka inapokuwa chini ya 3.9, na kwamba chini ya 3.0 ni hatari inayotaka hatua ya papo hapo. Wakamtia maji ya glukosi mshipani. Haikupita robo saa, Babu akafungua macho, akaangaza kulia na kushoto, akauliza kwa ile sauti yake ya siku zote, "Mushaadhini magharibi?"

Daktari aliyekuwa zamu, kijana wa rika langu, alinieleza kwa Kiswahili chepesi yaliyokuwa yametokea. Ubongo, alisema, ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takribani asilimia 20 ya nishati yote. Chakula chake kikuu ni glukosi, nao hauna ghala la maana la kuiweka; huitegemea damu iuletee saa baada ya saa. Ghala liko kwenye ini. Mtu mzima wa afya akikaa na njaa, kongosho lake hupunguza insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuiingiza ndani ya seli. Kisha hutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliamrisha ini lifungue ghala. Sukari ikizidi kushuka, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, na hiyo ndiyo hupiga mbiu ya mgambo: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Mbiu hiyo isipoitikiwa, ubongo wenyewe huanza kukosa chakula. Hapo mtu huchanganyikiwa, huona ukungu, ulimi huwa mzito, maneno hupotea, na mara nyingi hasira zisizo na sababu humtoka. Mwisho wake ni degedege, kuzimia, na asipowahiwa, mauti.

Nilimsikiliza nikiwa na orodha yangu moyoni: jasho, mkono uliotetemeka, kina kilichopotea, tusi. Zilikuwa zimefuatana mbele yangu kama mishororo ya ubeti mmoja.

Nikamuuliza mbona ini la Babu halikufungua ghala. Akasema kidonge alichokimeza, glibenklamaidi, hulilazimisha kongosho litoe insulini hata kama mwili hauitaki, na kazi yake huweza kuendelea mchana kutwa. Mtu akila kama kawaida, insulini ile hupata sukari ya kuishughulikia. Asipokula, huendelea kuitoa ile ndogo iliyobaki. Kwa wazee hatari ni kubwa zaidi, kwani figo zao huchelewa kuiondoa dawa mwilini na mbiu ya adrenalini huweza kufifia. Ndiyo sababu orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inatahadharisha kwamba dawa hiyo haifai kwa aliyepita miaka 60. Babu alikuwa ameimeza miaka 14 baada ya umri huo, kutoka kliniki ambayo katika miaka yote haikumwambia neno moja kuhusu sukari kushuka. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini kuliko glukosi ya mshipani, walimlaza usiku kucha wakimpima mara kwa mara, isije ikashuka tena.

Alipotolewa kesho yake, Babu alipewa karatasi yenye neno refu la kitabibu lenye asili ya Kigiriki. Akalisoma herufi kwa herufi, akanitupia karatasi, akasema, "Wewe bingwa wa Kiswahili, hili kwetu laitwaje?"

Sikuwa na jibu. Nililitafuta kwa siku kadhaa, na hapo ndipo mambo yaliponifungukia. Lugha yetu ina mtindo wa kuyatia maradhi mengi katika ngeli ya KI-VI: kifafa, kichomi, kichocho, kifua kikuu, kipindupindu. Aghalabu jina hutupa fununu ya ugonjwa. Kichomi hutuambia kwamba maumivu yake yanachoma. Kipindupindu hutuambia namna kinavyompindua mtu. Neno "kisukari" linataja sukari, basi. Halisemi ni nyingi wala kidogo. Sisi wasemaji ndio tuliolijaza wingi, tukalifunga. Tena tulipolikata likawa "ana sukari", tulizidisha kosa, kwa sababu mwenye kitu huwezaje kukosa kitu? Lugha ilikuwa imekwisha kumwambia Nyanya kwamba mumewe anayo. Angewezaje kushuku kwamba anakufa kwa kupungukiwa na kile alichonacho? Na ni nani, kwa akili zake timamu, angempa sukari mgonjwa wa sukari?

Wako wanaopendekeza tukope neno la kigeni, tuseme haipoglaisemia. Sina ugomvi na ukopaji. Kiswahili kimekopa na kustawi. Lakini neno hilo halitamfikia Nyanya. Maneno tunayo tayari: sukari kushuka. Tatizo ni kwamba hatuyatamki kwa uzito ule tunaoutamkia sukari kupanda. Mhudumu wa afya anayesema "punguza sukari" amesema nusu ya sentensi. Nusu ya pili ni hii: "na ikishuka mno, utaona hivi, ufanye hivi." Mwandishi wa kitabu cha shule, mtangazaji wa redio, mfasiri wa vipeperushi vya hospitali, wote ni wenzetu katika taaluma hii, wengi wao walikaa katika madarasa haya haya tunayokaa. Nusu iliyosahauliwa ni deni letu.

Basi nami nilipe sehemu yangu. Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya namna ile akianza kutoka jasho, kutetemeka, kubabaika au kukasirika pasi na sababu, apimwe mara moja ikiwa kipimo kipo. Kisipokuwapo, ahesabiwe kuwa sukari imeshuka. Akiwa anajifahamu na aweza kumeza, apewe gramu 15 hivi za sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida au ya maji ya matunda. Halua na kashata si dawa ya wakati huo, kwa sababu samli na mafuta ya nazi huchelewesha sukari kuingia katika damu. Angojewe dakika 15, apimwe tena, na ikiwa bado iko chini arudiwe. Kisha ale chakula. Akiwa hajifahamu, asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Tusisahau pia kwamba sukari hushuka hata kwa wasio na kisukari: malaria kali, hasa kwa watoto, huweza kuishusha, na pombe juu ya tumbo tupu vilevile.

Kuhusu saumu, utafiti uitwao EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2004, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba visa vikali vya sukari kushuka viliongezeka mara 7.5 katika Ramadhani kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Mgonjwa anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dawa na saa zake zibadilishwe. Kujidunga kidole ili kupima hakubatilishi saumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi, na sukari ikiwa chini ya 3.9, mgonjwa afungue papo hapo. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya sura ya Al-Baqara yenyewe. Babu aliijua aya ile kwa moyo tangu utotoni; hakuwahi kuwaza kwamba ilimhusu yeye. Tangu mwaka ule amebadilishiwa dawa, hafungi tena, na kila siku ya Ramadhani hulisha maskini mmoja. Mwaka wa kwanza alilia kwa kuona haya. Sasa huwapakulia mwenyewe.

Limebaki swali nililoanza nalo. Kwa muda mrefu lile tusi lilinikaa kifuani. Nilijua kwamba ubongo wenye njaa ndio uliosema, kwamba nafsineni wa alasiri ile hakuwa babu yangu. Hata hivyo mdomo ulikuwa wake na sauti ilikuwa yake, na kujua si sawa na kupona. Kilichonipoza ni kutambua kwamba mimi pia nilikuwa na langu la kusamehewa. Yeye alitukana bila kujijua. Mimi nilimwacha nikiwa na akili zangu zote.

Miezi michache baadaye tulikuwa tumeketi barazani, yeye na kikombe chake cha kahawa chungu, mfukoni ana vipakiti viwili vya glukosi ambavyo haachani navyo. Akaniuliza ghafla, "Mume mwenza, siku ile kabla sijaanguka, nilikwambia nini? Nyanyako hataki kunambia."

Nilifikiri kidogo. Nikamjibu, "Ulikosea kina, Babu. Beti za Muyaka."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kisha akatikisa kichwa na kucheka.

"Nilikosea kina?" akasema. "Basi kweli nilikuwa nakufa."